Daftari la Saba la Rabi Huwita

Mimi ni mpanga herufi. Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya visanduku vya herufi za risasi katika kiwanda kidogo cha kuchapa hapa Hara Kubwa, mtaa wetu Wayahudi kisiwani Jerba, na kama kuna kitu nimejifunza ni hiki: wanachuoni wetu wana akili nyingi na mwandiko mbaya. Hoja zao zimenyooka, mistari yao imepinda. Anayeumia ni mimi.

Rabi Huwita, Mungu amrehemu, aliwapita wote. Aliandika kwa penseli mpaka kinabaki kipande kisichoshikika, kisha anaandika na hicho. Ukurasa ukijaa anaandika katikati ya mistari. Hapo napo pakijaa, analigeuza daftari ubavu na kuendelea pembeni. Nilisoma kwake miaka sita, akanipiga makofi mawili tu, yote ya haki. Ndiyo sababu alipofariki, majira ya baridi ya mwaka ule Wafaransa walipoondoka, kazi ya kuchapa hukumu zake ililetwa kwangu. Hakuna mwingine aliyeweza kumsoma, hata mwanawe.

Mwanawe, Rabi Sasi, alikuja kiwandani na madaftari saba ya shule ndani ya foronya. Yalikuwa na majalada ya kijani yaliyolowa mafuta ya zeituni, kwa kuwa marehemu alikuwa akila huku anaandika.

"Khamusi," akaniambia, "hii ndiyo roho ya baba yangu. Ukipoteza hata ukurasa mmoja, nitakuuliza siku ya kiyama."

"Rabi Sasi, siku ya kiyama nitakuwa na foleni ndefu. Njoo uniulize mapema."

Hakucheka. Ni mtu mwema, lakini kicheko kwake ni cha siku ya harusi.

Nikaanza kazi. Ilinichukua kuanzia Pasaka hadi mwisho wa kiangazi, na sisemi uongo, nilikuwa nafurahi kuamka asubuhi. Marehemu hakuandika mambo ya mbinguni. Aliandika maswali aliyoulizwa na watu ninaowajua, na majibu aliyowapa. Maziwa yamemwagikia mchuzi wa nyama, na kwetu viwili hivyo havikutani chunguni, chungu kifanyweje? Kijakazi amesahau kuwasha taa kabla ya Sabato, jirani Mwislamu akaiwasha kwa hiari yake, je, tunaweza kukaa kwenye mwanga wake? Mjane maskini mmoja alileta kuku mwenye jeraha kwenye utumbo, na Rabi akajaza kurasa sita akihangaika, akitafuta njia ya kumruhusu yule mama amle, mpaka akaipata. Ukisoma kurasa zile sita unaona jasho. Wakali wapo wengi. Kukataza hakumchoshi mtu. Huyu alijichosha ili wenzake wale.

Basi nikafika daftari la saba. Halikuwa limejaa. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa haukuwa na swali juu yake, na penseli ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikakwaruzika. Nikausoma nimesimama. Nikausoma tena nimekaa.

Lazima nieleze kwanza kilichotokea miaka kumi na tisa kabla ya hapo.

Ilikuwa mkesha wa Sikukuu ya Vibanda. Mchinjaji wetu mkuu wakati ule alikuwa Makhluf mwana wa Rahmin, mtu mrefu, mcheshi, anayejivunia kisu chake kama wengine wanavyojivunia watoto. Kwetu kisu cha kuchinjia hakitakiwi kuwa na pengo hata la kukwaza unywele. Mchinjaji hupitisha makali juu ya nyama ya kidole chake na juu ya kucha, kwenda na kurudi, kabla ya kuchinja na baada yake. Na Rabi naye hukikagua vivyo hivyo anapotaka. Pengo likionekana baada ya kazi, kila kilichochinjwa kwa kisu kile ni kibudu. Asubuhi ile Makhluf alikuwa ameshachinja ng'ombe wawili na kondoo kumi na wanane. Nyama ilishagawanywa, vyungu viko motoni mtaa mzima.

Rabi Huwita akaingia uani, akaomba kisu. Akapitisha kucha, akasimama. Akapitisha tena.

"Makhluf, kina pengo karibu na ncha."

Makhluf akakichukua, akakipima kwa kucha yake. "Rabi, hakina."

Rabi akakipitisha mara ya tatu mbele yetu sote, uso umebadilika. "Lipo. Ama hukukagua, ama umekagua na unasema uongo."

Makhluf alifungua mdomo. Nakumbuka sana mdomo ule. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa, akatoka.

Chungu cha udongo kikishapikiwa kibudu hakisafishiki; kinavunjwa. Wa kwanza kuvunja alikuwa Bi Zaiza, mke wa Makhluf mwenyewe. Hakungoja kuambiwa. Alitoka na chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Gellala alichopewa siku ya harusi yake, mchuzi bado unatokota, akakipasua kwenye kizingiti cha nyumba yake ili wanawake wasije wakasema anamkingia mumewe. Baada yake ikawa nyumba hadi nyumba. Siku ile Hara nzima vilisikika vigae vikipasuka, na sikukuu tukaila kwa mayai na samaki.

Makhluf hakushika kisu tena. Alianza kuuza dengu za kukaanga kwenye kona ya soko. Watu walinunua dengu zake, maana zilikuwa nzuri, lakini tangu siku ile hakuitwa kutia sahihi yake kama shahidi kwenye hati ya ndoa hata moja, na anayejua desturi zetu anajua hilo ni kaburi la mtu aliye hai. Kwenye sinagogi alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia rudi.

Na kuna jambo jingine, nalisema kwa sababu likinibaki litanioza. Siku ile ile nikiwa na miaka ishirini, na ulimi mrefu kuliko akili, nilimwita "Makhluf Pengo." Watu walicheka, na jina likanata. Leo hata watoto ambao hawajui chochote kuhusu kisu wanamwita Ami Pengo wakienda kununua dengu.

Sasa ukurasa ulisema hivi. Nauandika kama alivyouandika:

"Leo Alhamisi mchinjaji Bishi ameniletea kisu chake, kwa kuwa mwenzangu anayekagua visu ni mgonjwa. Tangu habari ya Makhluf sikupenda tena kushika kisu cha mtu, na miaka yote hii nimemwachia mwenzangu kazi hiyo. Nikapitisha kucha, nikakuta pengo. Bishi akasema amekagua. Nikapitisha tena, pengo lipo. Nikapitisha kucha ya mkono wa kushoto: hakuna. Nikaita watu wawili: hawakukuta kitu. Nikaenda dirishani nikaitazama kucha yangu ya kulia. Ina ufa mwembamba kutoka mzizi hadi ncha. Ufa huu naujua. Mlango wa kabati la Torati uliniangukia kidole miezi mitatu kabla ya mkesha ule. Makhluf mwana wa Rahmin alisema kweli. Pengo lilikuwa kwangu. Nyama ilikuwa safi, vyungu vilivunjwa bure, na mtu mwaminifu nilimwita mwongo mbele ya watu. Nimekosea. Jumapili nitakwenda nyumbani kwake kwa miguu yangu."

Hakwenda. Sabato ile ile, baada ya sala ya alasiri, alilala kidogo na hakuamka.

Nikafunga kiwanda saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamtuma mtu amwite Rabi Sasi. Nikamsomea. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye ndevu. Nilipomaliza alikaa juu ya rundo la karatasi zangu safi, na kwa mara ya kwanza sikumfukuza mtu anayekalia karatasi zangu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Una hakika umesoma sawasawa? Mwandiko wake unaujua."

"Naujua, ndiyo maana uliniletea."

Kisha akasema, taratibu kabisa, "Khamusi, ndugu yangu. Kwani kitabu lazima kiwe na madaftari saba? Sita si kitabu?"

"Na la saba?"

"La saba tutalitia kwenye juzuu ya pili."

"Juzuu ya pili ya nini? Baba yako ameandika madaftari saba, halafu amekufa. Au anaendelea kuandika huko?"

"Usinidhihaki."

"Wewe uliniambia nikipoteza ukurasa utanishtaki kiyama. Leo unanituma niupoteze."

Akainuka. Nilidhani atanipiga, na ningestahili. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Unafikiri sioni? Naona. Lakini wewe hukubeba jeneza lake. Watu wakisoma kwamba kucha yake ilimdanganya mara moja, watauliza: ilimdanganya mara ngapi? Kila mama aliyeambiwa kuku wake hafai atasema, labda na huyu alifaa. Nimeamrishwa kumheshimu baba yangu. Nimheshimu vipi kwa kuchapa nakala mia tatu zinazosema alikosea?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la hasira, na hasira haibishani na yatima. Nikamwambia nitasubiri. Akaondoka bila daftari, na hilo nalo lilinionyesha kitu: angetaka kweli lipotee, angelichukua.

Kusubiri sikujaliwa. Mchana huo huo nilitia daftari la saba chini ya koti, nikaenda kwa Makhluf.

Nilimkuta barazani kwake anachambua dengu kwenye ungo, anatupa mbovu. Mzee wa miaka sabini na mitatu sasa, urefu umebaki lakini umekunjika. Ndani nilisikia Bi Zaiza anachekecha unga wa kuskusi.

"Khamusi mwana wa wino," akasema. "Dengu au maneno?"

"Maneno, Ami. Na kwanza nina langu mwenyewe. Lile jina, Pengo, ni mimi niliyelianzisha."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa mlangoni, hukungoja hata nifike mbali." Akatupa dengu moja mbovu. "Jina fupi, halina tabu. Wangeweza kunipa refu. Kaa."

Nikakaa. Afadhali angenitukana, ningejua niweke wapi mikono. Nikatoa daftari, nikamwambia ni la Rabi Huwita, na kwamba ukurasa wa mwisho unamhusu yeye. Alilitazama lile jalada la kijani bila kuligusa.

"Macho yangu hayasomi penseli. Nisomee. Lakini punguza sauti."

"Kwa nini nipunguze?"

"Zaiza yuko ndani."

Sikumwelewa. Nikaanza kwa sauti ya chini, Mungu ni shahidi, lakini nilipofika "Makhluf mwana wa Rahmin alisema kweli" sauti ilinitoroka, na kutoka hapo nilisoma kama ninasoma Torati mbele ya watu. Ungo wa ndani ulikuwa umenyamaza. Nilipomaliza, Makhluf alikuwa ameshika dengu moja kati ya vidole viwili, anaiangalia.

"Kumbe kucha," akasema. "Nimefikiri miaka kumi na tisa. Nilidhani labda mwanga. Labda alichoka. Sikufikiria kucha."

"Ulijua kisu ni kizima?"

"Nilijua kama ninavyojua jina langu."

"Sasa kwa nini hukusema? Kulikuwa na watu thelathini pale! Ungewapa wapime!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda. "Na wakipima, wakikuta hakuna kitu? Rabi wa mji amesema lipo, amesema mara tatu, mbele ya wanafunzi wake. Yeye angesimama wapi? Yule mtu alikuwa akikesha wiki nzima kumtafutia maskini njia ya kula kuku. Wachinjaji tuko wengi, Khamusi. Rabi kama yule tulikuwa naye mmoja."

Wakati huo Bi Zaiza alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyeupe kwa unga hadi kwenye viwiko.

"Makhluf," akasema. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

Hakutaka kujibu. Nilimwona hataki. Akairudisha ile dengu kwenye ungo; ilimponyoka mara mbili kabla ya kutua kati ya nyingine.

"Siku ile," akasema. "Nilipofika hapa mlangoni nilikwambia, Zaiza, kisu kilikuwa kizima. Lakini ulikuwa unavunja chungu. Kulikuwa na kelele."

Bi Zaiza hakulia, na hakuomba msamaha. Alikaa chini, palepale kizingitini, akaitandaza mikono yake yenye unga mapajani na kuitazama. Miaka kumi na tisa walikuwa wamekula meza moja, wamelala chumba kimoja, wameozesha mabinti wawili wa baba asiyeitwa kushuhudia ndoa ya mtu yeyote. Mkewe alimpikia kila siku na kumtunza, na moyoni alimhesabu mwongo aliyetubu. Naye alikubali ahesabiwe hivyo. Niliona aibu kuwepo pale.

Mwishowe alinyoosha mkono kwangu. "Lete hilo daftari."

"Bi Zaiza, ni mali ya—"

"Lete."

Makhluf akasema, "Zaiza, mwache Rabi alale."

"Yeye alale. Mimi nimeshalala vya kutosha."

Akajitanda shuka, hakunawa hata mikono, akatoka. Nikamfuata mbio. Mwanamke wa miaka sitini na sita, na sikuweza kumfikia mpaka mlangoni kwa Rabi Sasi.

Rabi Sasi alikuwa anafundisha, watu wazima saba au wanane wamezunguka meza. Wanawake hawaingii pale. Bi Zaiza aliingia. Akaliweka daftari mezani, na alama za vidole vyake vya unga zikabaki kwenye lile jalada la kijani. Zipo mpaka leo.

"Rabi Sasi, nisamehe, nina neno moja tu. Siku ile baba yako aliposema nyama ni kibudu, mimi sikuuliza. Sikumuuliza hata mume wangu. Nilitoa chungu changu cha harusi nikakivunja mimi mwenyewe, kwa sababu neno la baba yako lilinitosha. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Hapa ndani kuna neno lake jingine, kwa mkono wake. Mimi lile la kwanza lilinitosha hata kumvunjia mume wangu uso. Wewe, mwanawe, hili la pili halikutoshi?"

Hakungoja jibu. Aliwaaga wale watu kwa heshima, mmoja mmoja, akatoka. Rabi Sasi alibaki ameweka kiganja juu ya daftari. Wanafunzi walikuwa wanatazama meza. Kisha akaniona mimi mlangoni, nahema.

"Khamusi."

"Naam, Rabi."

"Panga herufi. Yote kama ilivyo. Na jina la Makhluf, usilifupishe."

Nilirudi kiwandani nikaupanga ukurasa ule siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. Nimepanga mamia ya kurasa za hukumu maishani mwangu. Ule ndio pekee ambao mikono yangu iliona aibu kuugusa ikiwa na wino.

Sabato iliyofuata, ile iliyo kati ya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, sinagogi lilikuwa limejaa kama kawaida ya siku zile. Rabi Sasi alipanda jukwaani na hakutoa hotuba aliyoandaa. Aliusoma ukurasa wa baba yake. Sauti ilimkatika mara mbili, mara ya pili kwenye neno "nimekosea," akasimama, akalirudia ili asije mtu akasema hakulisikia. Alipomaliza alishuka, akapita katikati ya watu wote hadi benchi la nyuma, akambusu Makhluf mkono.

"Baba yangu alisema atakuja Jumapili," akasema. "Amechelewa. Nimekuja kwa niaba yake."

"Hajachelewa," akasema Makhluf, ingawa sote tulijua amechelewa. "Kaa, Rabi, usisimame."

Baada ya sala watu walimzonga. Wazee waliompita miaka kumi na tisa bila kumtazama sasa walitaka wote kumshika bega. Mmoja alimwalika palepale ashuhudie hati ya ndoa ya mjukuu wake, mwingine akamvuta akae benchi la mbele, na kwa mara ya kwanza nikaona watu wakigombania kukaa karibu na harufu ya dengu. Mimi nilisimama mbali. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa inauma.

Ningependa kuishia hapo. Lakini siku tatu baadaye ikaja siku ya majogoo.

Kabla ya Siku ya Upatanisho kila nyumba kwetu huchinja jogoo kwa kila mwanamume na kuku kwa kila mwanamke, dhambi ziondoke nao. Ua wa sinagogi ulikuwa umejaa manyoya, makelele na watu wanaosukumana. Bishi mchinjaji, mikono imelowa, anafanya kazi bila kuinua kichwa. Rabi Sasi alikuwepo, anasimamia. Ndipo Bi Zaiza akaingia na kapu, Makhluf nyuma yake. Akatoa jogoo mkubwa mweupe, akamshika miguu, na badala ya kumpa Bishi akamgeukia mumewe.

"Chinja wewe."

Waliokuwa wakisukumana wakasimama, hata kuku nadhani walipunguza kelele. Rabi Sasi akaelewa kabla yetu. Akachukua kisu kwa Bishi, akakifuta kwa kitambaa safi, akamkabidhi Makhluf, mpini mbele.

Makhluf alikipokea. Miaka kumi na tisa haikumsahaulisha chochote. Alikipitisha juu ya nyama ya kidole na juu ya kucha, kwenda na kurudi, upande huu na upande ule, pole pole, amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilimwona kijana tena. Akafumbua macho.

"Kizima," akasema kwa sauti, na mtu mmoja nyuma yangu akaanza kulia.

Bi Zaiza akamlaza jogoo, akamnyoosha shingo, akasubiri. Makhluf akainua kisu. Na hapo sote tukaona jambo ambalo kila mtu alikuwa akilijua na hakuna aliyelikumbuka katika shangwe zile. Ncha ya kisu ilikuwa inacheza. Ule mkono ulikuwa na mwaka na zaidi haujabeba glasi ya chai bila kuimwaga. Alijaribu kuutuliza kwa mkono wa pili, ukatetemeka na wa pili. Na sheria yetu iko wazi, asiyetulia mkono hachinji, maana kisu kikisita au kikikandamiza hata kidogo, mnyama ni kibudu.

Rabi Sasi alitazama chini. Nadhani kama Makhluf angechinja, pale uani hakuna ambaye angethubutu kusema ameona kitu.

"Chinja," akasema Bi Zaiza, polepole, kama yuko jikoni kwao peke yao. "Watu wasile wote wakitaka. Mimi nitakula."

"Najua utakula, Zaiza," akasema Makhluf. "Ndiyo maana sichinji."

Akamrudishia Bishi kisu. Bishi akasoma baraka na kuchinja, haraka na safi, kama inavyotakiwa. Bi Zaiza akanyanyuka, akauchukua ule mkono wa mumewe uliokuwa bado unatetemeka, akaushika kwa mikono yake miwili mbele ya mtaa mzima, jambo ambalo mke na mume hawalifanyi kwetu hadharani. Haukutulia. Naye hakuuachia. Wakaenda nyumbani hivyo hivyo, jogoo kwenye kapu, na sisi tukawapisha njia.